Folda ipo, diski haipo: miezi mitatu ya habari njema katika kompyuta ya redio moja Bukavu

Kwa miezi mitatu, kompyuta ya redio moja ya jamii mjini Bukavu iliandika maneno yale yale kila usiku saa nane: "Hifadhi imekwisha vizuri." Katika usiku huo wote, hakuna hata mmoja ambao maneno hayo yalikuwa ya kweli. Diski ya nje iliyotakiwa kupokea nakala za vipindi ilikuwa mezani, taa yake imezimika, vumbi juu yake. Hakuna mtu aliyedanganya kwa kusudi. Kompyuta iliulizwa swali baya, nayo ikajibu vizuri kabisa swali hilo baya.

Redio hiyo iko katika komini ya Kadutu, upande ambako nyumba zinapanda mlima moja juu ya kichwa cha nyingine. Ina studio moja, chumba cha habari, na chumba kidogo cha mashini ambamo mtu mzima hawezi kunyoosha mikono yote miwili. Anayechunga chumba hicho ni dada mmoja aliyeanza kazi kwa kutengeneza simu za watu kando ya barabara. Linux alijifunza mwenyewe, jioni kwa jioni, kwa sababu redio haikuwa na feza ya kununua leseni, na kwa sababu flashi za waandishi zilikuwa zinaleta virusi kila juma katika kompyuta za zamani. Skripti ya kuhifadhi sauti hakuiandika yeye. Aliikuta. Fundi aliyemtangulia aliiacha pale alipokwenda kutafuta maisha kwingine, na kwa kuwa kila asubuhi ilikuwa inasema mambo ni mazuri, hakuna aliyeifungua.

Shida ilijitokeza siku ya kwanza ya juma. Mtangazaji wa asubuhi alibonyeza kitufe cha kurekodi habari za saa moja, kompyuta ikamwambia hakuna nafasi tena katika diski. Alijaribu mara ya pili, ikasema vile vile. Habari zilisomwa hewani, watu wakazisikia, lakini hakuna kilichobaki. Dada wa mashini alipofika, alikuta kwamba tangu jioni ya posho vipindi vyote vilivyorekodiwa vilikuwa na jina na tarehe, lakini ukubwa wake ni sifuri. Kati yake kulikuwa na mazungumzo marefu na wauguzi juu ya kipindupindu, ambayo redio ilikuwa imeahidi kuyarudisha hewani mara tatu juma hilo. Mafaili yalikuwepo. Sauti haikuwemo.

Alitazama huku na huku, akaona taa ya diski ya nje haiwaki. Waya wake wa umeme ulikuwa katika tundu la ukutani, siyo katika tundu la inverta. Hapo alielewa nusu ya kwanza ya hadithi. Umeme ulipokatika siku moja, kama unavyokatika Bukavu, kompyuta iliendelea kwa betri mpaka betri ikachoka. Umeme uliporudi, kompyuta iliwashwa, lakini diski ya nje, ambayo ni ya aina ile inayongoja mtu abonyeze kitufe chake, haikuwashwa na mtu. Aliibonyeza, ikaanza kunguruma. Akaandika amri ya kuipachika, kisha akafungua folda ya hifadhi, /mnt/hifadhi, akaona vipindi vya zamani vimepangwa mwaka kwa mwaka. Alishusha pumzi.

Lakini kompyuta iliendelea kusema imejaa. Amri ya df, ile inayoonyesha nafasi iliyobaki katika kila diski, ilisema diski ya ndani ya giga 500 imekwisha. Amri ya du, ile inayohesabu ukubwa wa folda moja moja, haikuona zaidi ya giga 200. Giga 300 hivi zilikuwa zinahesabiwa na mmoja na hazionekani na mwingine. Kwa siku mbili dada huyo alifuta muziki wa zamani ili watangazaji wapate nafasi ya kufanya kazi, huku akitafuta mwizi.

Siku ya tatu ndipo ilifika familia moja toka Kabare. Mama mzee, mjane, pamoja na shemeji yake. Walikuwa wametumwa na baraza la chifu.

Redio hiyo ina kipindi ambamo wazee wanasimulia historia ya vijiji vyao. Majuma kumi kabla ya siku hiyo, mume wa mama huyo alikaa katika studio saa nzima. Alieleza jinsi baba yake alivyopata shamba kwa njia ya kalinzi, desturi ya Bushi ambayo jamaa inatoa zawadi kwa chifu, mara nyingi ng'ombe, na kupewa udongo utakaorithiwa na watoto. Alitaja mashahidi waliokuwapo. Alitaja miti iliyopandwa mpakani, mmoja mmoja, toka kijito mpaka njia. Katika mambo ya kalinzi mara nyingi hakuna karatasi. Karatasi ni kumbukumbu ya watu, na watu wanakufa. Mzee alifariki mwezi mmoja nyuma ya kipindi, na jirani akasogeza uzio. Jamaa zote mbili zilikubali mbele ya baraza kwamba sauti ya mzee isikilizwe, kwa sababu alipokuwa anasema hakuwa anagombana na mtu.

Dada wa mashini alifungua diski ya nje, akatafuta tarehe ile. Kipindi cha karibuni zaidi kilichokuwa humo kilikuwa na zaidi ya miezi mitatu. Akatafuta ndani ya kompyuta penye sauti asilia. Hakikuwemo, kwa sababu skripti ilikuwa na mstari mwingine unaofuta kila sauti iliyopita siku 30, ili diski isijae. Mstari huo ulikuwa na akili siku ulipoandikwa: kama nakala iko salama katika diski ya nje, kwa nini kuacha asilia ichukue nafasi?

Mama mzee aliuliza kwa upole: "Mtoto wangu, sauti ya mume wangu iko?"

"Mama, inabidi iwepo mahali," dada alijibu. "Munipe mpaka kesho."

Ili kuelewa alichokifanya usiku huo, inabidi kueleza neno moja ambalo mafundi wa Bukavu wanalitamka kwa Kifaransa, kumonta diski. Kwa Kiswahili tunaweza kusema kupachika. Katika Windows, kila diski ina herufi yake: C, D, E. Ukichomoa diski E, herufi E inatoweka, na programu inayotaka kunakili huko inalia mara moja. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs huko Marekani toka mwaka 1969, ulichagua njia nyingine. Humo kuna mti mmoja tu wa mafolda, unaoanzia kwenye mzizi ulioandikwa kwa alama ya mkwaju, /. Diski nyingine ikija haipewi herufi. Inapachikwa juu ya folda iliyopo tayari, kama tawi linavyopachikwa kwenye shina. Amri ya mount ilikuwemo tayari katika kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, cha mwaka 1971. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha huko Finland mwaka 1991, ilifuata desturi hiyo.

Njia hii ni nzuri sana, lakini ina tabia moja ambayo kila fundi inabidi aikariri. Folda inayopokea diski ni folda ya kawaida ya diski ya ndani. Diski ikiwepo, ukiingia katika folda unakuta vitu vya diski. Diski isipokuwepo, folda haitoweki. Inabaki pale, wazi, tupu, na ukiweka kitu ndani inakipokea bila kulalamika, lakini kinakwenda kwenye diski ya ndani. Kisha diski ya nje ikirudi na kupachikwa juu ya folda hiyo, vile vitu ulivyoweka wakati haipo vinafunikwa. Havifutiki. Viko chini, kama mahindi yaliyoanikwa chini na mtu akatandika mkeka juu yake. Anayepita anaona mkeka. Anayehesabu magunia anaona kuna gunia limepungua.

Basi giga 300 zilikuwa chini ya mkeka. Df ilikuwa inazihesabu kwa sababu inauliza diski yenyewe. Du haikuziona kwa sababu inatembea ndani ya mafolda, na njia ya kwenda huko ilikuwa imefunikwa na dada mwenyewe siku ile alipowasha diski. Hesabu nayo ilikubali. Saa moja ya sauti isiyobanwa, katika ubora wa CD, inachukua karibu mega 635. Redio ilikuwa inarekodi saa nne kwa siku, yaani giga mbili na nusu. Usiku wa kwanza bila diski, skripti ilinakili sauti za siku 30 zilizokuwepo, kisha ikaongeza kila usiku kwa siku 90. Jumla ni siku 120, giga 300 na kidogo.

Angeweza kuondoa diski ya nje kwa umount, na vitu vya chini vingeonekana. Lakini alitaka kuviona vyote viwili kwa wakati mmoja, ili avihamishe moja kwa moja. Kuna njia. Aliandika:

mkdir /mnt/chini
mount --bind / /mnt/chini
ls /mnt/chini/mnt/hifadhi/sauti

Amri ya pili inapachika mzizi wa diski ya ndani mahali pa pili, bila kubeba diski nyingine zilizopachikwa juu yake. Ukipita mlango huo wa pili, folda ya hifadhi inaonekana jinsi ilivyo chini. Orodha ilijaa kioo. Alitafuta tarehe ya kipindi cha mzee, akavaa visikilizio, akabonyeza. Mzee alikohoa kidogo, akasalimia wasikilizaji wa milimani na wa kando ya ziwa, akaanza kutaja jina la baba yake.

Inafaa kusimama hapo kidogo, kwa sababu watu wengi walioisikia habari hii walisema: basi, si kila kitu kilipatikana? Sivyo. Mazungumzo ya kipindupindu hayakupatikana. Habari za siku mbili hazikupatikana. Na kile kilichopatikana kilikuwa kimekaa miezi mitatu katika diski moja tu, ile ile inayofanya kazi mchana kutwa, inayozimwa vibaya kila umeme unapokatika. Redio iliamini ina nakala mbili za sauti ya mzee. Toka siku ya 31 ilikuwa na moja, na haikujua iko wapi. Diski hiyo ingekufa juma moja mapema, mama yule angerudi Kabare mikono mitupu, na ripoti za kila usiku zingeendelea kusema hifadhi imekwisha vizuri mpaka usiku wa mwisho.

Kesho yake dada alifungua skripti ya zamani. Swali lake lilikuwa katika mstari mmoja:

if [ -d /mnt/hifadhi ]

Maana yake ni: je, kuna folda yenye jina hili? Jibu ni ndiyo, siku zote, diski iwepo au isiwepo. Ni kama kumtuma mtoto aone kama Papa yuko nyumbani, naye akarudi kusema kiti chake kipo. Kiti kipo kweli. Mtoto hakusema uongo. Ni aliyemtuma ndiye alitaja kiti.

Swali linalofaa ni jingine: je, kuna diski iliyopachikwa juu ya folda hii sasa hivi? Karibu kila Linux ya leo ina amri fupi ya kuuliza hivyo, mountpoint. Ikiandikwa pamoja na -q inakaa kimya na kujibu kwa namba tu. Sifuri maana yake ndiyo, namba nyingine yoyote maana yake hapana. Skripti mpya ya redio ilianza hivi:

#!/bin/bash
MAHALI=/mnt/hifadhi
if ! mountpoint -q "$MAHALI"; then
    echo "$(date) DISKI HAIPO. Hakuna kilichonakiliwa." >> /var/log/hifadhi.log
    exit 1
fi

Neno exit 1 ni la maana kuliko yote. Bila hilo skripti ingelalamika kisha ikaendelea kunakili vile vile.

Kwenye kompyuta ambayo haina mountpoint, kuna njia ya pili. Kiini cha Linux chenyewe kinatoa orodha ya vyote vilivyopachikwa kwa wakati huo, na orodha hiyo inasomwa katika /proc/mounts. Haiko katika diski yoyote. Inatengenezwa pale pale mtu anapoisoma, kwa hiyo haiwezi kuwa ya jana. Inatofautiana na /etc/fstab, ambako mtu anaandika diski gani zinatakiwa kupachikwa kompyuta inapowaka. Fstab ni ahadi, /proc/mounts ni ushahidi. Mtu anaweza kuuliza hivi:

grep -qs ' /mnt/hifadhi ' /proc/mounts

Zile nafasi mbili ndani ya alama za mkato, moja mbele na moja nyuma, siyo pambo. Ukiziondoa, diski iliyopachikwa kwenye /mnt/hifadhi2 itakujibu ndiyo kwa niaba ya ndugu yake ambaye hayupo. Tena, kama jina la folda lina nafasi katikati, katika orodha hiyo nafasi imeandikwa kwa alama \040, na utafutaji wa kawaida hautaiona. Dawa rahisi ni kutoweka nafasi katika majina ya mafolda ya namna hiyo.

Watu wengine wanauliza kwa df /mnt/hifadhi. Hapo inabidi kuwa macho. Df haikosi jibu. Diski isipokuwepo, inakupa nafasi ya diski ya ndani, kwa sababu ndiyo yenye folda hiyo, na msomaji mwenye haraka anaona namba na kuridhika. Ni mtego ule ule wa kiti cha Papa.

Dada wa mashini hakuishia hapo. Alijiuliza: na kama kuna diski iliyopachikwa, lakini siyo ile? Redio ina diski mbili za nje zinazofanana, na waandishi wanaleta za kwao. Majina kama sdb1 hayana uaminifu, kwa kuwa yanategemea nani ametangulia kuwashwa. Lakini kila diski iliyotayarishwa ina namba yake ndefu, UUID, kama namba ya kitambulisho. Amri ya findmnt inaitoa:

findmnt -n -o UUID -M "$MAHALI"

Skripti inalinganisha namba hiyo na ile iliyoandikwa ndani yake. Zikitofautiana, inasimama. Ile -M ni ya lazima. Mtu akiweka -T badala yake, findmnt inatafuta diski yoyote inayobeba njia hiyo, na kama ya nje haipo itataja ya ndani bila haya, kama df.

Kuna swali la tatu. Diski inaweza kuwepo, ikawa ndiyo yenyewe, lakini ikakataa kuandikwa. Linux inapokuta makosa katika diski, mara nyingi inaigeuza ya kusomwa tu, ili isiharibike zaidi. Mountpoint itaendelea kusema ndiyo. Kwa hiyo skripti inajaribu kwanza kuunda faili dogo:

touch "$MAHALI/.jaribio" || exit 1

Ikishindwa, inasimama kabla ya kugusa sauti za watu.

Kuna wanaohifadhi sauti si katika diski nzima bali katika faili moja kubwa, picha ya CD au ya diski, lenye jina linaloishia .iso au .img. Nalo linaweza kupachikwa kama diski. Kuuliza kama faili hilo limeshikwa na kompyuta, kuna amri losetup -j ikifuatwa na jina la faili. Ikinyamaza, halijashikwa. Ikitaja kitu kama /dev/loop0, limeshikwa, lakini bado haijathibitika kwamba limepachikwa kwenye folda. Hapo unaiuliza findmnt juu ya hicho /dev/loop0, na kama nayo inanyamaza, basi faili limeshikwa na bado halina mahali. Hatua ni mbili, na skripti nyingi zinasahau ya pili.

Baada ya maswali hayo, dada alifanya kitu kimoja cha kushangaza wenzake. Aliondoa diski ya nje kwa dakika moja, akaifunga ile folda tupu kwa amri ya chattr +i /mnt/hifadhi. Katika diski ya aina ya ext4, folda iliyofungwa hivyo haipokei faili jipya hata toka kwa mkubwa wa mfumo mwenyewe. Kisha akapachika diski juu yake tena, na kazi ikaendelea kawaida, kwa kuwa kufuli iko kwenye folda ya chini, siyo kwenye diski. Toka siku hiyo, hata skripti ikikosea, hata mtu akinakili kwa mkono gizani, sauti haiwezi kuanguka chini ya mkeka. Itagonga mlango uliofungwa na kupiga kelele.

Mkurugenzi wa redio aliuliza swali ambalo kila mkubwa angeuliza. "Kwa nini kompyuta ilikubali kuwaka bila diski? Si ingekataa, tungejua siku ya kwanza?"

"Papa, zamani ilikuwa inakataa," dada alijibu. "Kuna siku watu walikosa habari za asubuhi kwa sababu ya diski. Ndiyo maana yule ndugu aliandika nofail katika fstab."

Neno hilo linaiambia kompyuta: kama diski hii haipo, usisimame, endelea. Kwa redio ni uamuzi mzuri. Wakaaji wa Kadutu hawawezi kukosa habari kwa sababu diski ya hifadhi imezimika. Basi ukitazama jambo moja moja, kila mtu alikuwa na sababu. Aliyeweka nofail alitaka redio iwake. Aliyeweka mstari wa kufuta alitaka diski isijae. Aliyechomeka waya ukutani aliona tundu za inverta zimejaa simu. Aliyeandika -d alitaka kuhakikisha mahali pa kuweka papo. Makosa yalikuwa katika pengo kati ya watu hao, na pengo hilo ndilo skripti ilitakiwa kulichunga.

Nofail ilibaki. Waya wa diski ulihamishwa kwenye inverta, na juu ya tundu pameandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba simu haziruhusiwi. Mstari wa kufuta sauti za siku 30 ulibaki pia, lakini sasa unafuta sauti moja moja, na tu ile ambayo nakala yake imekutwa katika diski ya nje na kulinganishwa. Ripoti nayo ilibadilika. Haiandiki tena kwamba hifadhi imekwisha vizuri. Inaandika jina la diski iliyopokea, idadi ya mafaili ya usiku huo, na nafasi iliyobaki. Kila siku ya kwanza ya juma, mtangazaji wa zamu anachagua kipindi kimoja toka diski ya nje na kukisikiliza kwa dakika moja. Watangazaji walilalamika mwanzoni kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Dada aliwajibu kwamba yeye ndiye aliyetengeneza, kwa hiyo yeye siye wa kushuhudia.

Sauti ya mzee ilinakiliwa kwenye flashi mbili, moja kwa kila jamaa, na ya tatu ikabaki redioni. Kwa habari zilizofika, baraza lilikaa Kabare chini ya mti, likasikiliza saa nzima bila mtu kukatiza, kisha watu wakatembea toka kijito mpaka njia wakihesabu miti. Miwili haikuwepo tena. Visiki vyake vilikuwepo. Maneno hayajakwisha, kwa kuwa mambo ya udongo hayaishi siku moja, lakini sasa yanaanzia mahali ambapo wote wawili wamesikia.

Habari hii haihusu redio moja tu. Mjini Bukavu kuna sekretaria publiki, vituo vya afya, shule na parokia zenye kompyuta moja na diski moja ya nje, na katika nyingi kuna skripti iliyoachwa na mtu aliyekwisha kuhama. Mwenye kuchunga mashini hizo hahitaji kungoja shida. Usiku huu anaweza kufungua terminali, akaandika mountpoint ikifuatwa na jina la folda yake ya hifadhi, akasoma jibu. Kisha aondoe diski kwa umount, aizime, aulize tena. Kama skripti yake inaendelea kusema mambo ni mazuri hata diski ikiwa imezimwa, basi amekwisha kujua inachouliza ni kiti.